Jukwaa la Mlimani na Sisi wa Chovai

Mwaka 2027 Idara ya Sanaa za Maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam itatimiza miaka 60. Jina lake limebadilika zaidi ya mara moja. Muziki na sanaa za mkono ziliingizwa ndani yake, na leo inaitwa Idara ya Sanaa Bunifu. Lakini kwa waliopita pale, na kwa maelfu waliosoma vitabu vilivyotoka pale wakiwa sekondari, kazi ya idara hiyo ni moja: kwa karibu miaka 20 chuo kilitoa michezo mipya ya kuigiza kwa Kiswahili, msimu baada ya msimu, na michezo hiyo ikatoka chuoni ikawa mali ya kila anayezungumza lugha hii.

Msomaji wa pwani ya kaskazini ana haki ya kuuliza hayo yanamhusu nini. Chovai ni kisiwa cha wavuvi kusini ya Kismayo, kati ya Koyama na Chula, chenye magofu ya kale na watu wachache. Hakukujengwa chuo pale, seuze jumba la maonyesho. Hata hivyo Wabajuni, watu wa kisiwa hiki na pwani yake, hawakuwa watu wasiojua kucheza mbele ya hadhira. Kirumbizi huchezwa kwa fimbo katikati ya duara la watu, wachezaji wawili wakipimana ujuzi na ujasiri huku ngoma ikiwachochea. Kimayi ziliimbwa na watu wa bahari. Vave ziliimbwa na wakulima katika usiku wa kuamkia kuchoma msitu walioufyeka, mmoja akitangulia na wengine wakiitikia mpaka alfajiri. Palikuwa na mtunzi, palikuwa na wachezaji, palikuwa na watazamaji wanaojua kukosoa. Kilichokosekana ni taasisi, yaani mahali ambapo kila mwaka mtu analazimika kutunga jambo jipya, kulionyesha hadharani, kisha kuliandika lisipotee. Mlimani, yaani chuoni Dar es Salaam, walikuwa nacho. Ndiyo sababu historia yao ni ya kusomwa hata Chovai.

Chuo chenyewe kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Wakati huo sanaa ya jukwaa mjini Dar es Salaam ilikuwa na sura mbili zisizokutana. Wazungu walikuwa na kumbi zao na michezo yao ya Kiingereza. Shule za sekondari zilifundisha Shakespeare na kumwigiza kwa Kiingereza, na mwanafunzi alisifiwa kwa kadiri alivyoweza kutamka kama Mwingereza. Waafrika walikuwa na ngoma zao, utambaji wao wa hadithi, majigambo yao, na vichekesho vilivyotungwa papo hapo kumcheka mshamba aliyefika mjini au mtumishi aliyejifanya bwana. Mkoloni hakuyahesabu hayo kuwa sanaa ya maonyesho, na waliosoma shule zake wengi walikubaliana naye.

Mwezi Desemba 1962, Julius Nyerere alipoapishwa kuwa Rais wa kwanza wa Tanganyika, alitangaza kuunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Mwaka uliofuata ilitoka tafsiri yake ya Julius Caesar wa Shakespeare, na mwaka 1969 akaitoa upya baada ya kuisahihisha, pamoja na Mabepari wa Venisi. Rais mwenye nchi changa mikononi alikaa kutafsiri tamthilia mbili, tena moja aliirudia kwa sababu hakuridhika nayo. Naona kitendo hicho kilifanya kazi kubwa kuliko hotuba nyingi. Aliyekuwa akidai kwamba Kiswahili ni cha sokoni na cha bandarini tu alikosa la kusema.

Halafu ukaja mgogoro. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Nyerere akawafukuza zaidi ya 300, akawarudisha makwao. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha. Chuo kizima kikaulizwa swali gumu: ni cha nani, na kinamfanyia nini mkulima anayekilipia? Idara ya Sanaa za Maonyesho ilizaliwa mwaka huohuo, na swali hilo ndani ya nyumba. Haikupata nafasi ya kuwa idara ya starehe. Kila mchezo uliotungwa ulipaswa kujibu, kwa namna yake, watu wanaishi vipi na kwa nini wanaishi hivyo.

Jibu la kwanza kubwa lilitoka kwa kijana wa Kilwa. Ebrahim Hussein, aliyezaliwa mwaka 1943, alikuwa mwanafunzi wa Mlimani, na mwaka 1969 Kinjeketile ilionyeshwa na kuchapishwa. Haikuzuka peke yake. Mwaka uliotangulia, walimu na wanafunzi wa historia wa chuo hichohicho walikuwa wamekwenda kusini kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Vita hivyo, na njaa iliyoletwa na majeshi ya Wajerumani kwa kuchoma mashamba na maghala, vinakadiriwa kuua watu kati ya 250,000 na 300,000. Wazee walioshuhudia walikuwa bado hai. Kwa hiyo Kinjeketile ilipopanda jukwaani, ilipanda juu ya sauti za watu halisi, na hadhira yake haikuwa mbali na makaburi yenyewe.

Kinjikitile Ngwale wa historia aliishi Ngarambe, karibu na mto Rufiji, akanyongwa na Wajerumani mwezi Agosti 1905, vita vikiwa vimeanza tu. Hussein alisema wazi kwamba mtu wake wa jukwaani si yule wa historia bali ameumbwa na mtunzi. Katika mchezo, Kinjeketile anavutwa mtoni na mzimu wa Hongo, anatoka na maji ya kuwaunganisha watu waliogawanyika kwa makabila na kwa hofu. Umoja unapatikana. Lakini ndani ya ujumbe aliopewa mna jambo linalomsumbua: baada ya Mjerumani kuondoka, watu watakuwa chini ya Seyyid Said, mtawala wa Zanzibar. Kinjeketile anashtuka. Je, damu yote hii imwagike ili kubadilisha bwana? Anaanza kulitilia shaka neno lake mwenyewe wakati neno limekwisha kumponyoka, linakwenda vijijini peke yake, na watu hawamsubiri tena. Kitunda, anayewafunza vijana vita, anaona hatari kwa jicho la askari. Mwishoni Kinjeketile yumo gerezani, vita vimeshindwa, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Maji hayakuzuia risasi, na hilo analijua. Lakini akikiri, Wajerumani watalitumia ungamo lake kuwaambia watoto na wajukuu kwamba kusimama pamoja kulikuwa upuuzi.

Sehemu hii ya Seyyid Said hupitwa haraka madarasani Tanzania bara, na naona si haki. Kwa mtu wa Chovai ndiyo moyo wa mchezo. Visiwa vyetu na Kismayo vilikuwa chini ya bendera ya sultani wa Zanzibar, vikaingia mikononi mwa Mwingereza, mwaka 1925 Mwingereza akaikabidhi Jubaland kwa Mwitalia, na mwaka 1960 tukajikuta chini ya Mogadishu. Kila mara aliyeondoka aliacha mwingine mlangoni, na hakuna hata mara moja mvuvi wa Chovai alipoulizwa. Hofu iliyomshika Kinjeketile jukwaani mwaka 1969 ndiyo hali tuliyoishi kwa vizazi vitatu. Mtunzi wa Kilwa hakutuandikia sisi, lakini pwani moja ina kumbukumbu moja, na mtu wa Kilwa anajua uzito wa jina la Seyyid Said kama anavyoujua mtu wa Koyama.

Jambo la pili la kutazama katika Kinjeketile ni lugha. Wanakijiji wanazungumza kwa sentensi fupi za watu wenye njaa na hofu. Kinjeketile akishikwa na shaka, lugha inakuwa nzito, inajirudia, inakaribia ushairi. Hussein hakutumia urari wa vina wa tenzi zetu, ambao alikuwa anaujua vyema. Alichukua uhuru wa kusema. Wapo waliomlaumu kwa hilo, kama walivyolaumiwa washairi wa mtindo huru wa enzi ileile. Mimi naamini bila uamuzi huo tamthilia ya Kiswahili ingebaki ngonjera, watu wawili wakijibizana kwa mizani mpaka mmoja akubali kwamba serikali imesema kweli.

Na ngonjera zilikuwa nyingi. Mathias Mnyampala aliziasisi, na baada ya Azimio zikaenea mashuleni nchi nzima. Mtoto aliyekua Tanzania miaka ya 1970 lazima alipata kusimama na wenzake kuimba sifa za kilimo. Hata Mlimani ilitungwa michezo iliyokuwa na jibu kabla ya kuwa na swali. Mkulima mwema, bepari mbaya, mwisho mwema. Haikudumu. Iliyodumu ni ile iliyothubutu kubishana na zama zake.

Mashetani, ya mwaka 1971, ni mfano. Hussein alimwacha mkulima wa mfano, akawaleta marafiki wawili vijana, Juma na Kitaru, wasomi wa chuo. Chini ya mbuyu wanacheza mchezo, mmoja akiwa shetani na mwingine binadamu. Nyuma yao kuna Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964: ukoo wa Juma umeanguka, jamaa ya Kitaru inapanda, na uhuru ulioahidiwa wote umegeuka mbio za kupata gari na nyumba. Ni mchezo mgumu. Wanafunzi wengi huumaliza bila kuuelewa, na hakuna aibu katika hilo, kwa kuwa uliandikwa kwa ajili ya kuonwa na kusikiwa. Mbele ya hadhira, kicheko cha shetani hueleza mambo ambayo ukurasa hauwezi.

Hussein alikwenda Berlin Mashariki, akaandika tasnifu yake juu ya maendeleo ya sanaa ya maonyesho Afrika Mashariki. Mwaka 1976 zikatoka Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi katika kitabu kimoja. Safari hii alimwita mtambaji wa hadithi, mtu mmoja anayebeba watu wote wa hadithi kwa sauti yake na mwili wake. Bibi zetu walikuwa wakifanya hivyo kila usiku wa mbalamwezi. Ilikuwa kazi ya msomi aliyezunguka dunia kurudi kuonyesha kwamba jambo hilo ni sanaa kamili isiyohitaji pazia wala taa.

Penina Muhando, mwenyeji wa Berega mkoani Morogoro, aliingia jukwaani kwa mlango mwingine. Yeye alitaka mchezo ueleweke na mama aliyekaa chini ukumbini akinyonyesha. Hatia ilitoka mwaka 1972, Tambueni Haki Zetu mwaka 1973, Heshima Yangu mwaka 1974, Pambo mwaka 1975. Vitabu vyepesi kwa kurasa, vyenye watu unaowajua: msichana aliyepata mimba na kijana anayeikana, msomi aliyerejea nyumbani na shahada isiyomfaa mtu. Kwa uandishi wake wanawake waliacha kuwa watu wa pembeni katika tamthilia ya Kiswahili. Nguzo Mama, ya mwaka 1982, inawaonyesha wanawake wa kijiji cha Patata wakijaribu kuisimamisha nguzo kubwa iliyolala, kila mmoja akiwa na sababu ya kuchelewa, kugombana, au kuondoka katikati ya kazi. Mtunzi hakuwabembeleza wanawake wenzake, wala hakuwaficha wanaume waliowafunga mikono. Miaka miwili baadaye akatoa Lina Ubani, iliyoandikwa nchi ikiwa bado inalipa gharama za vita vya Kagera vya 1978 na 1979.

Mwenzake wa karibu alikuwa Amandina Lihamba, mwigizaji, mwelekezi na mtunzi. Yeye alichukua hadithi ya Ousmane Sembène wa Senegal kuhusu mzee aliyetumiwa hawala ya fedha kutoka Ufaransa, na jinsi ofisi, jamaa na matapeli wanavyomla mpaka hazimfikii. Hawala ya Fedha ilichapishwa mwaka 1980. Mtu yeyote wa Kismayo au Mombasa anayesubiri fedha za mwanawe kutoka London au Toronto atauelewa mchezo huu bila mwalimu. Pamoja na Ndyanao Balisidya na Muhando, Lihamba alitunga pia Harakati za Ukombozi, iliyochapishwa mwaka 1982, ambapo historia ya nchi tangu ukoloni hadi baada ya Azimio inapita jukwaani kwa ngoma, nyimbo na mazungumzo. Mwisho wake haukuwa wa kupongezana. Watunzi hawa walikuwa wanachama waaminifu wa ndoto ya ujamaa, na ndiyo maana walikuwa na uchungu walipoona inaliwa na wenye ofisi.

Emmanuel Mbogo ni wa kundi hilohilo. Giza Limeingia ilitoka mwaka 1980, Tone la Mwisho mwaka 1981, na mwaka 1988 Ngoma ya Ng'wanamalundi, iliyomleta jukwaani yule mganga na mchezaji ngoma mashuhuri wa Usukumani.

Nimetaja miaka hii mmoja baada ya mwingine kwa makusudi. Itazame tena. Kati ya 1969 na 1988 idara moja ya chuo kimoja, katika nchi iliyokuwa ikikosa sabuni na karatasi, ilitoa tamthilia karibu kila mwaka. Hakukuwa na jumba la fahari. Maleba yalishonwa kwa khanga na kaniki, ngoma zilitoka kwa wapigaji waliokuwa wakizipiga tangu utoto. Walimu waliandika, wanafunzi wakacheza, watazamaji wakabisha, mwandishi akarudi kusahihisha. Kisha mitambo ya Dar es Salaam na Nairobi ikachapa. Mtunzi akikaa peke yake chumbani anaweza kusubiri hamu imjie miaka kumi. Mwalimu mwenye darasa la waigizaji wanaongoja mchezo hawezi kusubiri. Msimu ulimlazimisha, na lazima hiyo ikazaa fasihi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu na wahitimu waliunda kikundi cha Paukwa, kwa jina ambalo kila mtoto wa Uswahilini hulijua kutoka kwenye mwanzo wa hadithi. Kazi yao inayokumbukwa ni Ayubu ya mwaka 1984, iliyotungwa kwa pamoja. Waliichukua subira ya Nabii Ayubu wakaiuliza: mwananchi huyu anayeambiwa avumilie mwaka baada ya mwaka, avumilie kwa ajili ya nani? Ilitakiwa ujasiri kuuliza hivyo wakati ule.

Lakini kulikuwa na jambo lililowakera wenyewe. Mlimani ni mlimani kweli, na mkulima hapandi mlima kwenda kutazama mchezo. Basi wakashuka. Mwaka 1982 na 1983 walikuwa Malya, katika Usukuma. Waliishi na vijana wa kijiji wakauliza tatizo ni nini. Wanakijiji wakataja mimba za wasichana na vijana wasio na kazi. Hapo hawakuleta kitabu. Walichukua wigashe, ngoma ya Kisukuma ambayo vijana huimba wakiwa wameketi, wakaitumia kuwa mchezo wa kuigiza. Baada ya onyesho, wazee na vijana walijadiliana hadharani mambo ambayo kwa desturi hayasemwi mbele ya wakwe. Mwaka 1985 walikuwa Msoga, mkoa wa Pwani, na mwaka 1986 Mkambalani, karibu na Morogoro. Muhando, ambaye jina lake la ndoa ni Mlama, aliyaandika hayo yote katika kitabu kilichotoka Uppsala mwaka 1991, na kimesomwa na wafanyakazi wa maendeleo katika bara zima. Katika miaka ya 1990 yeye na Lihamba waliipeleka njia hiyo katika shule za sekondari kwa mradi wa Tuseme, ambapo wasichana hutunga na kucheza wenyewe yale yanayowazuia kusoma.

Ukiniuliza ni ipi kazi kuu ya idara hiyo, Kinjeketile au Malya, nitajibu Malya. Kinjeketile ilituonyesha kwamba Kiswahili kinabeba fikra za kina jukwaani. Malya ilionyesha kwamba kijiji kina jukwaa tayari, na kazi ya msomi ni kuketi chini na kusikiliza. Chovai inaweza kulitumia somo hilo kesho asubuhi bila kungoja jengo wala bajeti.

Vyuo vingine vilijaribu. Makerere walikuwa na mashindano ya mabweni na, kuanzia 1965, kikundi cha kusafiri vijijini bila kiingilio, kilichocheza kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha za Uganda. Chuo Kikuu cha Nairobi kiliiga mwaka 1974. Kenya kulitokea pia Kamiriithu, ambapo wanakijiji na Ngũgĩ wa Thiong'o waliicheza Ngaahika Ndeenda mwaka 1977. Serikali ikafuta kibali, ikamfunga mwandishi bila kesi, na mwaka 1982 ikabomoa jukwaa. Mtoto wa Mombasa, Alamin Mazrui, aliandika Kilio cha Haki, mchezo wa mgomo wa wafanyakazi wa shamba wakiongozwa na mwanamke, Lanina. Ulitoka mwaka 1981. Mwaka 1982 Mazrui akatiwa kizuizini.

Na Somalia? Jumba la Taifa la Maonyesho la Mogadishu lilifunguliwa mwaka 1967, mwaka uleule wa idara ya Mlimani. Tamthilia ya Kisomali ilikuwa na nguvu ya ajabu. Watu walijipanga foleni, na mashairi ya jukwaani yalienea kwa kanda nchi nzima. Hadraawi, mshairi aliyepanda jukwaa hilo, alifungwa mwaka 1973 na kuachiwa 1978 kwa sababu ya maneno yake. Vita vya 1991 vikaliua jumba. Lilifunguliwa tena mwaka 2012, na ndani ya wiki chache bomu likaua watu katika sherehe humo ndani. Limefufuliwa tena baadaye. Tuwape heshima yao. Ila kwa Wabajuni jukwaa lile lilizungumza lugha ya jirani. Kisomali kilipopewa maandishi rasmi mwaka 1972 kikawa lugha ya shule, na mtoto wa Chovai alisoma kwa Kisomali, akazungumza Kibajuni nyumbani, na hakukuta hata kimoja cha vitabu nilivyovitaja hapa. Upande wa Kenya wenzetu wa Rasini na Kizingitini walivikuta darasani. Mpaka uliochorwa na wageni ulitukata hata katika tamthilia.

Yaliyofuata Tanzania ni habari ndefu inayotosha kutajwa kwa ufupi. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981 kufundisha wasanii kwa vitendo, na tangu miaka hiyo ya mwanzo kinaandaa tamasha kila mwaka ambalo huleta vikundi kutoka pande nyingi. Jumba lake la makuti liliungua mwaka 2002 na likajengwa upya. Mwaka 2007 chuo kikawa taasisi, TaSUBa. Bagamoyo ni mji wa ngalawa na minazi, na mtu wetu akifika pale hajioni mgeni.

Mlimani kwenyewe moto ulipungua. Hussein aliacha kufundisha, akajitenga Kariakoo. Kwenye Ukingo wa Thim, tamthilia yake ya mwisho iliyochapishwa, ni ya mwaka 1988. Muhando na Lihamba walipanda vyeo, wakashikwa na kazi za uongozi na miradi. Wachapishaji waligundua kwamba kitabu hakiuziki kisipowekwa kwenye mtaala. Tangu hapo tamthilia za Mlimani zimeingia katika kifungo cha heshima: husomwa kwa mtihani. Mwanafunzi hukariri dhamira, wahusika na tamathali za semi, anapata alama yake, na anaweza kumaliza shule bila kuona hata onyesho moja la mchezo alioufanyia mtihani. Mchezo wa kuigiza usiochezwa ni ngalawa iliyoinuliwa juu ya magogo. Kosa hili si la watunzi. Ni letu sisi tuliopewa michezo tukaifanya masomo.

Watu wa Chovai leo wametawanyika. Baada ya 1991 wengi walikimbilia kambi za Mombasa, ambazo zilifungwa mwaka 1997. Wengine wamefika Uingereza, ambako Mbajuni anayeomba hifadhi hupimwa kwa lugha yake, aulizwe majina ya visiwa na ya samaki ili ithibitike ametoka anakosema. Derek Nurse, mtaalamu wa lugha aliyepata kufundisha Mlimani, ameandika kuhusu Kibajuni kwa kirefu kuliko sisi wenyewe. Kuna uchungu katika hilo. Lugha yetu imehifadhiwa katika faili za wataalamu na mahakama za wakimbizi, na bado haijapandishwa jukwaani na wenyewe.

Kwa hiyo naliweka ombi langu wazi kwa walimu wa Kiswahili walioko Kismayo, Kiunga, Kizingitini na Mombasa, na kwa vyama vya Wabajuni vilivyoko ng'ambo. Msingoje jengo. Chukueni Hawala ya Fedha au Kinjeketile, wapeni vijana sehemu zao, wafanye mazoezi uwanjani baada ya alasiri, muwaonyeshe wazee. Kisha waulizeni wazee kimayi wanazozikumbuka na habari za kuhama kwetu, na vijana hao hao watunge mchezo wao wa kwanza kwa Kibajuni, wauandike, wauchape hata kwa nakala mia. Mwaka unaofuata watunge wa pili. Idara ya Mlimani ilianza na walimu wachache na wanafunzi wenye hamu, na ninyi mnao.